Kondoo wa Kizimba cha Nne

Saa moja na dakika kumi asubuhi, kondoo wa kizimba cha nne alikuwa amesimama, anatafuna majani.

Mtafiti aliduwaa. Jana kondoo wote sita walitiwa bakteria wanaogandisha damu mishipani. Watatu walipewa protini inayozuia damu isigande, watatu maji ya chumvi tu. Kwa mujibu wa daftari, wa nne alipata maji ya chumvi. Wa tano, aliyepata protini, alikuwa amekufa, miguu imekakamaa; wengine wanne walikuwa bado wamelala hoi.

Kama daftari lilikuwa sahihi, dawa aliyoihangaikia miaka mitatu ilikuwa inaua.

"Bwana Ufagio," alimwita mtunza banda, "jana uliwahamisha hawa?"

"Nilipodeki, daktari. Wa nne na wa tano niliwatoa, kisha nikawarudisha."

"Kila mmoja kwake?"

"Nadhani. Kondoo wote sura moja, mama."

"Kabla ya sindano au baada?"

Mzee akakuna kichwa. "Hapo sasa umenishika."

Hereni za namba zilikuwa bado kwenye boksi. Ni mtafiti mwenyewe aliyesema zisubiri, vizimba vina namba.

Alimtoa yule mzima damu, akakifumbata kijichupa kiganjani kipate joto. Damu isiyo na protini ingeganda ndani ya dakika kumi. Kila dakika alikiinamisha.

"Usiikodolee hivyo," mzee akanong'ona, "itaona haya."

Dakika ya kumi na tano akakiinamisha tena. Damu ikateleza mpaka kwenye kifuniko.