Ufunguo wa Maji

Mtaani kwetu, funguo za mitambo haziandikwi popote. Kila ufunguo hukaa kichwani mwa mtu mmoja aliyeapishwa, na wa maji ninao mimi, Mwanaidi binti Shekue. Programu za pampu huishi ndani ya makasha ya kompyuta. Kasha likifa, jipya huzaliwa na kuniuliza mimi ufunguo. Natamka herufi zake arobaini bila kukosea hata moja.

Siku ya posa yangu, wageni wakila pilau, nilizikuta herufi zangu nyuma ya kalenda ya jikoni, zimeandikwa kinyumenyume.

"Kaka Kibwana, nini hiki?"

"Nilikusikia ukitamka, nikaandika usije ukasahau. Lakini nimezigeuza, dada. Nani atajua?"

"Mtoto wa chekechea atajua! Kugeuza si kuficha."

Nikabadili ufunguo papo hapo. Makasha yote yakazimika ili yazaliwe upya na ufunguo mpya, na mabomba ya mtaa mzima yakakauka nusu saa. Shangazi wa mchumba wangu akabaki na mafuta mikononi.

"Mke gani huyu, anatunyima hata maji ya kunawa?" akasema, akitafuta viatu vyake.

Mama akanivuta pembeni. "Kawaombe radhi, mwanangu. Waambie mumeo naye atapewa ufunguo, yaishe."

Nilikuwa nikizirudia herufi mpya kimyakimya. Nilipoinua macho, mchumba wangu alikuwa mlangoni, akiitazama midomo yangu.

Nikaifumba. Bomba la jikoni likakohoa, maji yakarudi.

"Wanawe mikono, Mama, kisha waende wakitaka. Radhi siombi."