Hakuna Anayeitika Shangazi

"Kusanya vitu vyako uondoke!" bosi alimfokea fundi wa mtandao mbele ya ofisi nzima. "Tangu asubuhi mashine za kujengea programu haziipati seva kuu, na wewe umetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango!"

Fundi aliinama, akaanza kuzungusha waya wa chaja kwenye vidole vyake, taratibu, kana kwamba ungemkata.

Mwenzake wa meza moja, dada asiyependa makelele, hakuinua kichwa. Alikuwa akibonyeza kibodi kwa hasira. Kwenye skrini yake, kila mashine ilikuwa ikiita Shangazi, jina waliloipa seva siku ya kwanza, na hakuna aliyeitika.

Akaifikia seva kwa namba yake ya mtandao, akaiuliza jina lake. Ikajibu: Mfalme.

"Nani kambadilisha Shangazi jina?" dada aliuliza.

"Mimi, jana," bosi alisema. "Wageni wanakuja, niwaonyeshe seva inaitwa Shangazi? Wanicheke? Kwani jina lina shida gani?"

"Mashine zinaita jina ulilolifuta, bosi. Ndiyo shida yenyewe."

Bosi alikohoa, akaanza kurudi chumbani kwake.

Dada alisimama mlangoni, akamzibia njia.

"Mwombe msamaha," alisema. "Kwa sauti ileile."