Chupa ya Mchumba

Siku hizi chupa ya soda husoma damu ya mtu anayeishika. Ikibaki nyeupe, kunywa. Ikigeuka nyeusi, sukari imeshaanza kukuharibu. Ndiyo maana wanaokuja kuposa hawataki bilauri. Wanataka kuona chupa mkononi mwa binti.

Redempta hakuwa na wasiwasi. Bintiye Adelina alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mcheza netiboli, hajawahi kulazwa hata siku moja. Wageni walipokaa, Redempta akagawa soda mwenyewe. Ya mchumba ikabaki nyeupe. Ya Adelina ikawa nyeusi tii.

"Lete hapa."

Mkononi mwa Redempta chupa ikarudi kuwa nyeupe. Akampa binti nyingine. Nayo ikawa nyeusi.

"Chupa zenyewe za siku hizi mbovu tu, dada," shangazi wa mchumba akasema kwa upole, lakini hakumtazama Adelina tena.

Redempta akaitazama ile chupa nyeusi. Tangu chekechea ni yeye aliyekuwa akimtilia mtoto soda kwenye mkoba, kila siku, ili asimsumbue asubuhi. Akapiga magoti palepale mbele ya wageni.

"Vua kiatu."

"Mama, mbele za watu?"

"Vua."

Akakamata kidole gumba cha mguu, pale sukari inapoanza kuua hisia, akakibinya kwa kucha kwa nguvu zake zote, mpaka ngozi ikachanika.

"Unaumia?"

Adelina alikuwa akiwatazama wageni, akitabasamu kwa aibu.

"Binya basi, mama. Wanatusubiri."