Mguu wa Jemadari

Huko Konstantinopoli kipofu havikwi taji. Ndiyo maana Kaisari aliamuru mdogo wake atiwe chuma cha moto machoni.

Leontio, mzee wa kazi hiyo, alimwinamia mfungwa akamnong'oneza, "Yafumbe kabisa, mwanangu. Halafu ulie kama unachinjwa."

Chuma kikazipitia kope juu juu tu. Ngozi ikababuka, ukumbi ukanuka nywele zilizoungua, na yowe likapaa hadi darini.

"Umemmaliza, mzee!" jemadari alicheka. "Haya, Kaisari mtarajiwa, mlango ule pale. Huuoni?"

Leontio, chuma kingali mkononi, alimshika mfungwa bega wakaondoka. Jemadari akanyoosha mguu ili amkwaze.

Mfungwa akauruka.

Kicheko kikakatika. Chuma kilikuwa hakijapoa.