Moshi wa Watu Wawili

Pale kwenye kituo cha mafuta, binti wa manispaa aliinama kwenye dirisha la gari la Bwana Mshangama.

"Shikamoo, baba. Tunakadiria moshi wa magari ya hapa mjini. Gari lako linatembea kilomita ngapi kwa siku?"

"Marahaba. Ni sokoni na kurudi tu. Hata kumi hazifiki."

"Na huwa mnapanda wangapi?"

Mshangama akageukia kiti cha pembeni. Mkanda ulikuwa umefungwa, umeibana kanga iliyokunjwa vizuri. Tangu amzike mkewe, kila asubuhi huufunga vile vile, maana Bi Mwanaidi hakuwa mtu wa kukumbuka mkanda mpaka afungiwe.

"Wawili," akasema. Hakuwa mtu wa kusema uongo, wala hakujiona amesema.

Binti akaitazama ile kanga, kisha akabofya simu yake. "Vizuri, baba. Moshi tunaugawa kwa idadi ya waliomo. Fungu lako ni nusu tu. Ungekuwa peke yako, wote ungekuwa wako."

"Wote?"

"Wote, baba."

Sokoni hakwenda. Alirudi kwake, akasimama nje ya geti na kupiga honi, kama alivyozoea kumwita mkewe akichelewa kujitanda. Kuku wakatawanyika. Akaufungua ule mkanda, akausukuma mlango wa pembeni ukabaki wazi, akamngoja mtu wa pili.

Injini ilikuwa bado inanguruma. Nyuma ya gari moshi ulipanda ukutani, ukapotea, ukaja mwingine.