Namba ya Bwana Lupogo

Mwasiti aliuza bima kwa simu. Asubuhi hiyo alipiga namba ya mteja wa zamani, Bwana Lupogo, lakini aliyepokea alikuwa mwanamke, tena akinong'ona.

"Laini hii nimeinunua juzi tu, dada. Usipige tena, nakuomba. Mume wangu hajui kama nina simu."

Nyuma yake mlango ukafunguliwa kwa kishindo, na simu ikakatika.

Mwasiti akamkimbilia msimamizi wake, Bi Semeni, akamweleza.

"Ifute sasa hivi," alisema Bi Semeni. "Sheria inatutaka tuhakiki mwenye namba kabla ya kupiga. Wakitushtaki, hatuna pa kujitetea. Na kosa usilikiri kamwe, simu zetu zote zinarekodiwa."

Kabla hajaifuta, namba ile ile ikaita. Mwasiti akapokea.

"Umempigia mke wangu," alisema mwanamume, taratibu kabisa. "Ulikuwa unamtafuta nani?"

Jina la Lupogo lilimfika kwenye ncha ya ulimi, akalimeza. Kutaja mwanamume mwingine kungekuwa ni kumchimbia kaburi yule mama. Mbele yake Bi Semeni alitikisa kichwa kumkanya.

"Simtafuti mtu, baba," alisema Mwasiti. "Nauza bima tu. Nilikosea namba. Kosa ni langu mimi."

Simu ikawekwa juu ya kitu kigumu bila kukatwa, kisha Mwasiti akasikia sauti ile ile, kwa mbali na kwa upole, ikimwita mwanamke aje.