Kamba ya Kiatu

Vichekesho vyetu vya zamani huisha mke akipiga magoti, akimvua mumewe viatu na kusema, "Bwana wangu, nimekoma." Watazamaji hucheka na kusema hayo ndiyo mapenzi.

Katika onyesho la arobaini nikiigiza mke huyo, nilitazama sugu kwenye goti langu. Nikavuta kiti, nikaketi mbele ya mume wangu wa jukwaani, nikamnyooshea mguu.

"Piga magoti!" mwongozaji alifoka nyuma ya pazia.

"Magoti yangu yamestaafu," nilijibu, ukumbi mzima ukasikia.

Mume alinitolea macho.

"Unanipenda?" nikamuuliza.

"Nakupenda," alisema, maana ndivyo alivyokariri.

"Basi fungua kamba. Ina fundo gumu, usiivute kwa hasira."

Mwanamke mmoja, kiti cha nyuma kabisa, alianza kupiga makofi kabla mume hajainama.